Nani Alipaka Kisogo cha Concepta?

Nahashon alikuwa mlinzi katika geti la wafanyakazi la hoteli moja kubwa ya Diani. Kazi yake ilikuwa kukagua mikoba. Mfanyakazi akitoka, Nahashon alifungua mkoba wake na kutazama ndani. Alitafuta sabuni za wageni, vijiko, taulo, na nyama iliyofungwa kwa karatasi. Aliwahi kumkuta mpishi mmoja na kuku wa kuchoma chini ya kofia yake. Tangu siku hiyo hakuamini kofia ya mtu yeyote.

Kazi hiyo ilimwingia mwilini. Hata nyumbani alikagua. Maziwa aliyanusa mara mbili kabla ya kuyatia kwenye chai. Bintiye Gillian akisema ameoga, alimtazama nyuma ya masikio. Ukimwambia leo ni Jumatatu, alitafuta kalenda. Hakuwa mtu mbaya. Hakulewa, hakupiga mtu, na alimpenda mkewe. Lakini kuishi na mtu wa namna hiyo kunachosha, na mkewe alikuwa amechoka.

Mkewe aliitwa Concepta. Wote wawili walitoka Kisii. Walikuwa wamepanga vyumba viwili huko Ukunda. Concepta alikuwa msusi. Aliketi barazani, akasuka vichwa vya majirani na wafanyakazi wa hoteli. Akina mama waliotaka hina kichwani aliwapaka pia. Kazi ya hina alijifunza hapa hapa pwani. Hina huanza kwenye ngozi ya kichwa, shina kwa shina. Kisha kichwa hufungwa kwa mfuko wa nailoni, na mwenye kichwa huketi juani mpaka rangi ishike. Hina hupenda joto. Concepta aliyajua hayo vizuri sana, na ndiyo yaliyomponza.

Mwaka ulikuwa wa tisini na nane. Wageni walikuwa wamepungua tangu ghasia za mwaka uliotangulia, watu wa bara waliposhambuliwa. Watu wa bara na watu wa pwani walisalimiana, lakini kila mmoja alimtazama mwenzake mara ya pili. Nahashon alitazama mara ya tatu. Karibu na kwao aliishi mama mmoja wa Msambweni aitwaye Kanze. Zamani Kanze alifanya kazi katika saluni za hoteli. Sasa alikaa nyumbani, hakusema sana, na mikono yake aliificha ndani ya leso. Nahashon aliiona mikono ile iliyofichwa, akaanza kumshuku. Alimshuku kwa lipi? Hilo hakujua bado.

Basi mambo yakaanza hivi.

Jioni moja Nahashon alirudi kutoka kazini, akamkuta mkewe amefunga kichwa kwa leso. Concepta hakuwa na desturi ya kufunga kichwa ndani ya nyumba. Alipoulizwa, alisema kichwa kinamwuma. Kesho yake leso ilikuwa bado iko. Keshokutwa pia. Alipika na leso, akala na leso, akalala na leso. Na chumba kizima kilikuwa na harufu kali ya kuchoma pua, kama ya dawa za hospitali.

Nahashon alinusa. Alinusa mto, akanusa taulo, akanusa hata sufuria. Mlinzi mzuri hasemi mpaka ashike.

Baada ya siku chache akagundua jambo jingine. Mchana, Gillian akiwa shuleni, Concepta aliondoka barazani na kwenda kwa Kanze. Hakukaa kidogo. Akiulizwa alikuwa wapi, alisema alikwenda kumjulia hali mama wa watu. Moyo wa Nahashon ukawa mzito. Alianza kukosa usingizi, na chakula hakikuwa na ladha.

Kazini alimweleza mwenzake wa zamu, Maxwell. Maxwell hakuwahi kuoa, kwa hiyo alijua kila kitu kuhusu wake za watu.

"Msee, hapo ni mambo mawili tu," Maxwell alisema. "Ni Mzungu ama ni mganga. Tafuta utapata."

Nahashon akatafuta. Siku yake ya mapumziko ilipofika, alingoja Concepta atoke. Alikagua chini ya kitanda. Alikagua sanduku la nguo. Alikagua mkebe wa majani ya chai, akachanganya na sukari kwa bahati mbaya. Mwishoni akafungua kopo la vitana vya kusukia. Chini kabisa palikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa. Akakikunjua.

Ndani mlikuwa na kishungi cha nywele. Zilikuwa nywele za rangi ya dhahabu.

Nahashon aliketi kitandani. Aliona uchungu ambao hajawahi kuuona. Kama ni nywele za mwanamume wa Kizungu, basi ndoa imekwisha. Kama zimetoka kwa mganga, basi amerogwa ndani ya nyumba yake. Alizitazama tena na tena. Mkaguzi wetu alitazama rangi tu, na kwa hasira jambo moja kubwa hakuliona kabisa. Tutalifikia.

Palepale aliamua. Ukweli ukiwa ni huo anaoufikiria, kesho Concepta atapanda basi kurudi kwao Kisii, na Gillian atabaki na baba yake. Alitia karatasi mfukoni, akatoka kwenda kwa Kanze.

Ua wa Kanze ulikuwa wa makuti. Nahashon alisukuma mlango bila hodi.

Katikati ya ua, chini ya kivuli cha paa la jiko, Concepta alikuwa ameketi kwenye kibao. Leso ilikuwa imetoka kichwani. Mabegani alikuwa na taulo kuukuu. Mikononi alivaa glovu. Nywele za mbele na za ubavuni zilikuwa zimepakwa dawa nzito nyeupe. Kando ya ngozi ya kichwa vilikuwa vimelazwa vipande virefu vya pamba. Na chini ya pamba, kwenye mashina, nywele zilikuwa na rangi ya tofali. Kanze alisimama mbali kidogo, amejifunga mikono yake ndani ya leso, ameshikilia kioo kwa shida; kingine kilikuwa mapajani mwa Concepta.

"Mama Gillian, hii ni nini?" Nahashon aliuliza.

Concepta alishtuka mpaka brashi ikaanguka. Kanze hakushtuka.

"Hapa kwangu huingiwa kwa hodi," alisema taratibu. "Na mtu huanza kwa salamu, hata kama amekuja kugombana."

Nahashon alisimama. Alikuwa na maneno mengi tayari, lakini hakuna hata moja lililokuwa salamu.

"Hodi," alisema, naye ameshaingia. "Shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu. Sasa uliza."

Nahashon akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua. "Nywele hizi ni za nani?"

"Ni za mkeo."

"Mke wangu hana nywele kama hizi."

"Nasikia wewe ni mkaguzi," Kanze alisema. "Basi zikague. Zishike kwa vidole. Nywele za Mzungu hulala. Hizo zimejikunja kama zako."

Nahashon alizishika. Zilikuwa zimejikunja. Zilikuwa nywele za kwao kabisa, zimebadilishwa rangi tu. Aliona aibu kidogo, lakini shaka haikumtoka.

"Nilizikata mimi kisogoni mwake," Kanze aliendelea. "Tulizijaribia dawa kwanza. Hutii dawa kichwa kizima kabla ya kujaribu kishungi kimoja. Kikikatika, unaacha. Kikigeuka vizuri, unaendelea. Hicho kiligeuka vizuri, na huyu mwanangu akafurahi, akakiweka."

Nahashon akamgeukia mkewe. Akamwambia asimame waende nyumbani, wazungumze wawili.

"Akienda na dawa hiyo juani, nywele zake utaziokota njiani," Kanze alisema. "Dawa iko kazini. Haingojei ugomvi wenu uishe. Na tukiiosha sasa, atakuwa na mabaka. Keti, baba. Nawe mwanangu, mweleze mumeo."

Nahashon hakuketi. Lakini hakuondoka. Concepta akaanza kueleza, macho yake yakitazama chini.

Katika hoteli anayofanyia kazi Nahashon kuna saluni. Mkubwa wa saluni hiyo ni mama mmoja aitwaye Eunice. Msaidizi wake aliondoka, na msimu wa wageni unakaribia. Mabibi wa Kizungu wanaokaa Diani kwa miezi mingi hutia nywele rangi ya dhahabu. Nywele mpya zikiota, hutaka mashina yalingane na nywele za zamani. Eunice alimwambia Concepta kwamba kusuka anaweza, hilo amesikia. Lakini nafasi ataipata kwa sharti moja. Alete kichwa alichokitia rangi ya dhahabu yeye mwenyewe, na kwenye mashina isionekane rangi ya tofali.

Concepta alizunguka Ukunda nzima akiomba kichwa. Kila mtu alimshuku. Mmoja alisema nywele zitaanguka. Mwingine alisema mumewe atamfukuza. Basi akatumia kichwa chake mwenyewe. Alinunua poda ya kupausha nywele na maji ya peroksaidi. Alichanganya, akapaka kama anavyopaka hina. Alianza kwenye ngozi, shina kwa shina. Akafunga nailoni. Akaketi juani nyuma ya nyumba. Alidhani dawa zote za kichwani ni ndugu.

"Nilipofungua," Concepta alisema, "mashina yalikuwa mekundu kama udongo wa Shimba Hills, na ncha zilikuwa bado nyeusi. Nililia, Baba Gillian. Nikafunga leso, nikaja hapa."

"Kwa nini hukuniambia?"

Concepta aliinua macho. "Unakumbuka jioni ile, yule dada wa mapokezi hotelini kwenu alipopita barabarani na nywele zake za dhahabu? Ulisema mwanamke wa hapa akitia nywele dhahabu anatafuta Mzungu wa kumpa pasipoti. Ulisema hivyo mbele ya mtoto. Ulishanihukumu kabla sijafanya kitu. Ningekuambia nini?"

Nahashon alikumbuka. Alikuwa amesema hivyo, na tena alicheka.

Kanze aliweka kioo chini. "Baba, weka kiganja chako utosini pako. Unasikia nini?"

Nahashon alimtazama kwa shaka, lakini aliweka. "Kuna joto."

"Joto hilo ndilo lililomharibia mkeo. Karibu na ngozi kuna joto, na dawa ya kupausha ikikutana na joto hukimbia. Huku nchani hakuna joto, dawa hutembea polepole. Ukianza na mashina, mashina yanafika mbele na ncha zinabaki nyuma. Rangi hazilingani tena. Na yeye aliongeza nailoni na jua juu yake. Hina utaifanyia hivyo, dawa hii hapana."

"Sasa mnafanyaje?"

"Tunaanza na urefu wa nywele. Tunaacha upana wa vidole viwili kutoka ngozini, hapo hatugusi. Ndiyo maana ya pamba hiyo, inazuia dawa isiteremke. Urefu ukishageuka, tunachanganya dawa mpya kidogo, tunapaka mashina mwisho. Hatufungi nailoni, hatukai juani. Tena nilimpumzisha kwanza. Nywele zilizochoka huwezi kuzichosha tena kesho yake. Alikuwa akija hapa nimpe mafuta ya nazi na maneno ya kumtuliza."

Nahashon alikuwa bado amesimama. Aliona kwamba kisogo cha mkewe hakikuwa na dawa. Mbele kulikuwa kweupe, nyuma kulikuwa kumekauka. Concepta alikuwa amejaribu kupaka nyuma kwa kutazama vioo viwili, na dawa ilikuwa imeishia shingoni. Alimwuliza Kanze kwa nini hamsaidii.

Kanze akafungua leso yake, akaonyesha mikono. Ilikuwa imepasukapasuka. Ngozi ya vidole ilikuwa nyekundu na ngumu.

"Miaka yote ile sikuvaa glovu," alisema. "Nilisema zinanizuia kazi. Daktari amenikataza kugusa dawa hizi mpaka nife. Kushika hata brashi siwezi. Naweza kuona tu na kusema."

Nahashon alitazama mikono ile ambayo alikuwa akiishuku tangu alipohamia mtaa huo. Akasema pole. Kanze akaitikia kwamba ameshapoa, kisha akaitazama mikono ya Nahashon.

"Yako ni mizima?"

"Mimi?"

"Kuna mtu mwingine hapa? Kisogo kinangoja. Mbele dawa inaendelea. Tukichelewa, mkeo atakuwa na kichwa cha watu wawili."

Nahashon alichukua glovu. Alizitazama ndani kwanza, kama kuna kitu kimefichwa. Kisha alichukua kopo la poda, akasoma kila neno. Akachukua chupa ya peroksaidi, akaisoma pia. Concepta alifumba macho kwa kuchoka. Alijua mumewe akianza kukagua hamalizi leo.

"Hii ikiingia machoni?" Nahashon aliuliza.

"Unaosha kwa maji safi mengi bila kusita, kisha unakwenda hospitali."

"Kwa nini bakuli ni la plastiki?"

"Bakuli la chuma huharibu dawa. Pengine hata hutoa joto."

"Na nikiongeza Jik, ile dawa ya kutoa madoa, ili iende haraka?"

"Utatoa moshi wa kuua watu. Usichanganye dawa hii na dawa nyingine yoyote ya nyumbani. Na iliyobaki usiifungie kwenye chupa uiweke. Inafura, chupa inapasuka. Mwaga."

"Ngozi yake mliijaribu?"

"Nyuma ya sikio, juzi. Haikuwasha, haikuvimba. Kichwani tumetazama kama kuna kidonda. Na hakutia dawa ya kulainisha nywele. Angekuwa ametia, nisingekubali."

Hapo Kanze alitabasamu kwa mara ya kwanza. Alisema kwamba amefundisha wasichana wengi, na hakuna aliyewahi kumwuliza maswali hayo. Wote waliamini picha ya bibi anayecheka kwenye kopo.

"Shaka uliyo nayo ni kitu kizuri, baba," alisema. "Ila umeielekeza pasipostahili. Ipeleke kwenye chupa. Mtoe mkeo humo."

Concepta alicheka kidogo bila kutaka. Nahashon akavaa glovu.

Kanze alimwongoza kwa maneno. Gawanya kisogo mafungu mawili. Chukua fungu jembamba, unene usiozidi penseli. Acha vidole viwili. Laza pamba. Paka juu na chini, usisugue. Nahashon alipaka polepole, akikagua kila unywele kama mkoba wa mtu. Alikuwa hajawahi kushika nywele za mkewe kwa muda mrefu namna ile. Alipoinua fungu la chini kabisa, akasimama.

Shingoni, palipoanza nywele, palikuwa na alama ndogo ya kuungua. Ilikuwa imeanza kupona.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya siku ile ya jua," Concepta alisema. "Ilichoma. Nikafikiri ndivyo inavyotakiwa, hata mama hapa sikumwambia."

"Ikichoma, osha palepale," Kanze alisema kutoka kando. "Ikitoa malengelenge, nenda hospitali. Kazi ya dawa ni kuwasha kidogo tu. Kuchoma si kazi yake."

Nahashon hakuwa akisikiliza vizuri. Alikuwa akifikiria zile siku zote. Mkewe aliungua, akajificha na maumivu yake ndani ya leso. Na yeye alikuwa chumba hicho hicho, akinusa sufuria. Alihisi huzuni kubwa.

"Pole, Mama Gillian," alisema. Kisha akapaka mafuta ya mgando juu ya alama ile ili dawa isiiguse, bila kuambiwa na mtu.

Baada ya hapo Kanze alimpa kazi ya ulinzi. Kila baada ya muda mfupi alipangusa kishungi kimoja kwa kitambaa chenye maji, akatazama rangi. Kwanza nywele zilikuwa za kahawia. Zikawa nyekundu kama kutu. Zikawa za machungwa, sawa na mashina. Hapo ndipo Kanze aliposema wachanganye dawa mpya na kuondoa pamba, na mashina yakapakwa mwisho, Concepta mbele na ubavuni, Nahashon kisogoni. Mashina hayakuchukua muda. Wote watatu walitazama.

"Ziache ziwe nyeupe kabisa," Concepta aliomba.

"Hapana," Kanze alisema. "Unajua ndani ya ganda la ndizi mbivu? Rangi ile ya manjano iliyopauka. Ikifika hapo tunaosha. Ukipita hapo, nywele zinakufa na kukatika."

Walipofika hapo, Nahashon alichukua ndoo akaelekea kisimani. Kanze akamzuia. Maji ya kisima cha hapo yana chumvi na kutu, alisema, na nywele zilizopaushwa hunywa kila kitu. Zitarudi rangi ya tofali. Akamwonyesha pipa la maji ya mvua pembeni. Mvua za vuli zilikuwa zimelijaza. Nahashon alimimina, Concepta akainama, na dawa yote ikatoka.

Nywele zilikuwa za manjano. Zililingana, lakini zilikuwa manjano kama kifaranga. Concepta alijitazama kwenye kioo, akanyong'onyea. Ndipo Kanze alipoagiza chupa ndogo ndani ya nyumba. Nahashon alipoifungua, akarudi nyuma.

"Hii ni zambarau. Mnataka awe na nywele za zambarau?"

"Mkeo akifua shati lako jeupe, anatia nini majini?"

"Bluu."

"Na shati linakuwa la bluu?"

"Hapana. Ule umanjano unaondoka."

"Basi dawa hii ya zambarau hufanya hivyo hivyo kwa nywele. Inaua umanjano. Zikiwa za machungwa, unatafuta yenye bluu zaidi. Lakini ile bluu ya kufulia msije mkaitia kichwani, nimewajua nyinyi."

Nahashon alipaka dawa ya zambarau, akaikagua kwa wasiwasi, akaiosha mapema kama alivyoambiwa. Concepta akakausha nywele kwa taulo, bila kusugua. Kisha akachukua kioo.

Zilikuwa na rangi ya mchanga mkavu wa Diani. Kutoka ngozini mpaka nchani ilikuwa rangi moja. Concepta aligeuza kichwa huku na huku. Alifurahi sana. Nahashon alimtazama, akaona kwamba mkewe amependeza, na akasema hivyo kwa sauti ambayo hata Kanze aliisikia.

Siku ya kumwona Eunice ilipofika, Concepta alikwenda bila leso. Watu wa Ukunda waligeuka kumtazama, na bila shaka wengi walimshuku. Eunice alimketisha dirishani. Alivaa miwani. Aligawanya nywele mbele, akatazama mashina. Akagawanya ubavuni, akatazama. Alikuwa mtu wa kushuku kumshinda hata Nahashon. Mwishoni akafika nyuma. Hapo alikaa muda mrefu.

"Mbele umejitahidi," alisema. "Lakini kisogo kimepakwa vizuri zaidi. Hakuna mtu anayeweza kujipaka kisogo namna hii. Nani alikipaka?"

Concepta alijua sharti. Kichwa kilitakiwa kiwe kazi yake mwenyewe. Angeweza kusema alitumia vioo viwili. Lakini alikuwa amechoka kuficha mambo.

"Kisogo alipaka mume wangu," alisema. "Mimi nilipaka mbele na ubavuni. Mume wangu ni yule mlinzi wa geti la wafanyakazi."

Eunice alivua miwani. "Yule anayekagua hadi kofia za wapishi?"

"Huyo huyo."

Eunice alicheka mpaka akaketi. Alisema katika saluni hii watu wengi wamemdanganya kuhusu vichwa, na hajapata kumwona mtu aliyejisemea ukweli wa kisogo chake. Kisha akamwuliza maswali. Kwa nini mashina huja mwisho? Kwa nini hufungi nailoni? Nywele mpya zikiota utapaka wapi? Concepta alijibu yote. La mwisho alisema atapaka nywele mpya tu, na zile za zamani hatazigusa tena, zisije zikakatika. Eunice akamwambia aanze kazi Jumatatu, na aje na glovu zake.

Siku hizi Gillian akitoka shuleni hukaa kwa Kanze mpaka wazazi wake warudi. Nahashon akifika hapo huanza kwa hodi, kisha shikamoo. Ameziba tundu la pipa la maji ya mvua. Akina mama wa Ukunda wanaotaka rangi huja kumwuliza Kanze kwanza, naye huwaambia jambo moja kabla ya mengine yote: wajaribu kishungi, wangoje, waone.

Jumatatu ile, kazi ilipokwisha, Concepta alipita geti la wafanyakazi. Nahashon na Maxwell walikuwa zamu. Sheria ni sheria, hata kwa mke wa mlinzi. Concepta aliweka mkoba wake mezani. Nahashon akaufungua. Mlikuwa na glovu, kitana, leso na kipande cha gazeti kilichokunjwa. Nahashon akakikunjua. Maxwell akanyoosha shingo.

"Msee, hizo nywele ni za nani?"

"Za mke wangu," Nahashon alisema. Akakunja karatasi taratibu, akairudisha mahali pake, akamfungulia geti.